Yaliondoka Meupe, Yakarudi Mekundu

Anayetoka Kibwezi kwenda Kitui kwa barabara huvuka Mto Athi, na muda si mrefu huanza kuiona mibuyu. Imesimama mashambani, malishoni na hata nyuma ya maduka, mingine minene kiasi kwamba watu wazima wanne wakishikana mikono hawafikiani. Hiyo ndiyo Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui, sehemu kame isiyo mbali na hifadhi ya Tsavo Mashariki, ambako wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo mwaka 1891, kabla reli ya Mombasa haijaanza kujengwa. Lami imeifikia miaka ya karibuni tu. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, lori lililofika Ikutha lilifika limejaa vumbi, na lilipogeuza kurudi Pwani au kushuka barabara kuu ya Mombasa, mara nyingi lilikuwa limepakia magunia ya mabuyu.

Magunia hayo yalikuwa na uhusiano mkubwa na utoto wa watu wa huku. Waliozaliwa huku Ukambani kati ya miaka ya 1950 na 1980 wakianza kukumbushana vitu vitamu vya utotoni, mazungumzo huanzia dukani, kwenye peremende na chingamu. Lakini hayakai huko. Baada ya muda mfupi mtu anataja tunda la porini, mwingine anataja asali, wa tatu anauliza kama bado kuna mtoto anayejua kupasua buyu kwa jiwe bila kumwaga unga wake. Hapo watu huchangamka, kila mmoja akitaka kueleza alivyofanya yeye.

Duka lenyewe lilikuwa dogo. Mezani kulikuwa na chupa kubwa za kioo zenye vifuniko, na ndani yake peremende za rangi rangi ambazo mwenye duka alizihesabu moja moja. Kabla ya sarafu za Kenya kuanza kutolewa mwaka 1966, pesa za mtoto zilikuwa zile sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Baadaye zikaja senti tano na senti kumi za rangi ya shaba, zenye sura ya Jomo Kenyatta. Ndururu moja, yaani senti tano, ilikuwa na thamani. Aliyeishika hakwenda moja kwa moja kununua. Alizunguka nayo kwanza, marafiki wakamfuata, kila mmoja akimkumbusha wema aliomtendea wiki iliyopita.

Na peremende moja haikuliwa na mtu mmoja. Ilifungwa ndani ya upindo wa shati la shule, mwenye meno imara akaiuma juu ya kitambaa mpaka ikapasuka, kisha vipande vikagawanywa. Kitambaa kilizuia vipande visiruke mchangani na pia kiliondoa kinyaa cha mate. Shati lilirudi nyumbani na alama ya rangi na utamu kidogo uliobaki kwenye nyuzi, ambao nao ulinyonywa njiani. Hakuna aliyefundishwa jambo hili na mtu mzima, lakini lilijulikana kila shule, Ikutha kama Mombasa, Kisumu kama Dar es Salaam.

Kufikia miaka ya 1980 majina yalikuwa yameongezeka. Kulikuwa na Patco. Kulikuwa na Goody Goody iliyonata kwenye meno na kudumu kinywani kwa muda wa kuridhisha. Kulikuwa na Big G na PK za Wrigley, kampuni ya Chicago iliyokuwa na kiwanda jijini Nairobi. Chingamu haikutupwa jioni. Ilibandikwa kwenye ubavu wa kitanda au ukutani, asubuhi ikarudishwa kinywani, na utamu ukishaisha iliongezwa chembe za sukari zilizochotwa jikoni mama akiwa kisimani. Shuleni nako kulikuwa na maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa na Rais Daniel arap Moi mwaka 1979, na kwa watoto wengi wa sehemu kavu kama Ikutha siku ya maziwa ilihesabiwa pamoja na siku za peremende.

Hata hivyo, duka lisipewe sifa zaidi ya zile lilizostahili. Fedha taslimu zilikuwa haba. Mzazi aliyekuwa na mbuzi kumi na shamba la mtama hakuwa na sababu ya kuweka sarafu mfukoni kwa ajili ya peremende, na mtoto alipata ndururu pale mjomba alipokuja kutoka Mombasa, au sikukuu ya Krismasi, au alipotumwa dukani na chenji ikabaki. Siku nyingine zote za mwaka mtoto wa Ikutha alikula utamu usionunuliwa, na ulikuwa mwingi.

Ukwaju ulikuwa kila mahali, hasa kandokando ya mito ya msimu. Watoto hawakusubiri uive. Waliula ungali mbichi kwa chumvi mpaka meno yakafa ganzi, wakashindwa kutafuna githeri ya jioni na kugunduliwa. Kulikuwa na matoo, tunda gumu kwa nje ambalo ukilitafuna hutoa ute mtamu na kubaki kinywani muda mrefu, ndiyo maana wengi waliotafuna chingamu ya dukani baadaye waliiona kama kitu walichokijua tayari. Kulikuwa na nzaaya, ambazo sehemu nyingine za Ukambani huitwa nzanawa, ndogo, za manjano, tamu sana zikikauka kidogo. Kulikuwa na muu, tunda jeusi la mti uitwao kimuu, lenye ladha nzito inayowafanya wengine leo walifananishe na chokoleti. Kulikuwa na ndului, ambayo kokwa yake kubwa ilizungukwa na nyama kidogo yenye utamu uliochanganyika na uchungu, ikamumunywa polepole njia nzima ya kwenda shule. Kulikuwa na gundi ya migunga, iliyobanduliwa gomeni ikiwa imeganda kama vipande vya kioo cha njano, na mabua ya mtama yaliyomenywa na kutafunwa baada ya mavuno.

Wataalamu wa mimea wameyaandika mengi ya matunda haya. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalichapisha kitabu cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye kuhusu mimea ya chakula cha asili nchini, na ndani yake matunda ambayo wachungaji wadogo wa Ukambani waliyala bila kuyafikiria sana yamepewa majina ya kisayansi, majina ya makabila mbalimbali na maelezo ya namna yanavyoliwa. Ni kitabu ambacho kila shule ya msingi ya Kitui na Makueni ingefaa kuwa nacho. Sehemu kubwa ya ujuzi uliomo ilihifadhiwa vichwani na watoto wachungaji, na watoto wachungaji wamepungua.

Asali inahitaji maneno yake yenyewe. Wakamba wamefuga nyuki tangu zamani kwa mizinga ya magogo inayoning'inizwa mitini, na mibuyu hupendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ya matawi yake mapana. Mtoto hakuruhusiwa kuugusa mzinga wa mtu. Alingoja siku ya kurina, akapewa kipande cha sega kwenye jani, akalitafuna mpaka nta ikabaki peke yake. Wakubwa zaidi, waliokuwa wakichunga mbali, walimfuata yule ndege anayelia na kuruka mbele ya watu mpaka kwenye nyuki wa mwitu. Si hadithi tu. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha katika jarida la Science utafiti waliofanya miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: mtafuta asali asiye na ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kulipata kundi la nyuki, na aliyeongozwa na ndege alitumia saa 3.2. Watoto wa Kitui wasingeshangazwa na hesabu hiyo.

Mfalme wa utamu huu wote alikuwa mbuyu.

Buyu likikomaa hukaukia mtini. Ganda lake ni gumu kama mbao, limefunikwa na manyoya laini ya kijani kibichi yanayoelekea kahawia, ambayo yakiingia shingoni huwasha. Watoto waliyaangusha mabuyu kwa mawe au kwa kijiti kirefu, au waliokota yaliyodondoshwa na upepo na nyani. Kabla ya kulipasua, mtu alilitikisa karibu na sikio. Likisikika kokwa zikigongana ndani, limekauka vizuri. Likiwa kimya, bado lina maji, au limeliwa na wadudu. Kisha likapigwa juu ya mwamba mara moja, kwa nguvu ya kiasi: ukipiga kwa hasira ganda linapasuka vipande vipande na unga mweupe unamwagika vumbini, ukipiga kwa woga halifunguki. Ndani kuna nyuzi nyekundu, na katikati ya nyuzi hizo vipande vyeupe vinavyovunjika kirahisi, kila kimoja kimebeba kokwa yake nyeusi. Unakitia kinywani, mate yanajaa, ukali wa kwanza unafinya mashavu, halafu utamu unakuja taratibu. Kokwa hutemwa, au huwekwa kuchomwa na kuliwa kama karanga. Nusu ya ganda ilikuwa kikombe: unga ukakorogwa humo na maji, na yeyote aliyekuwa na sukari akaheshimiwa siku hiyo.

Ladha hiyo haikuwa ya watoto peke yao. Nyanya wa Kikamba, ambaye wajukuu humwita susu, alitia unga wa mabuyu kwenye uji ili uwe mchachu na mzito, akatumia magome ya mti huohuo kusokota nyuzi za kiondo. Magome yaliyobanduliwa kwa uangalifu huota tena, ndiyo maana mibuyu mingi ya zamani ina makovu kama mikanda kwenye shina. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa ile njaa Wakamba waliyoiita Nikw'a ngwete, pesa zilipokuwa mkononi na mahindi hayapatikani, matunda ya mwitu yaliacha kuwa starehe ya njiani. Familia ziliyategemea. Watoto wa wakati huo wana kumbukumbu mbili za buyu: lile la kuchezea, na lile la kushindia siku nzima.

Hata hivyo, mabuyu mengi hayakuliwa Ikutha.

Yaliokotwa na wanawake na watoto, yakapasuliwa uani, ganda likaachwa kuwa kuni, na vipande vyeupe vikatiwa kwenye magunia. Mnunuzi alikuja na lori, akapima kwa gunia au kwa debe, akalipa pesa kidogo, akaondoka. Kutoka Ikutha, Mutomo, Kibwezi na Mtito Andei, kama ilivyokuwa kutoka Taita na Kilifi, magunia yalishuka Mombasa. Huko yaliingia mikononi mwa wapishi, wengi wao wanawake wanaofanya kazi hiyo majumbani, na hapo tunda la mchungaji wa mbuzi likageuka kuwa bidhaa ya mjini.

Kupika mabuyu kunaonekana rahisi kwa asiyejaribu. Sukari na maji huchemshwa kwenye sufuria pana mpaka iwe shira nzito, ambayo mpishi huipima kwa kuvuta tone kati ya kidole gumba na cha shahada: ikivutika uzi, iko tayari. Hutiwa rangi ya chakula, mara nyingi nyekundu, halafu iliki iliyopondwa, pengine vanila, chumvi kidogo na pilipili ya kutosha kumfanya mlaji afungue mdomo na kuvuta hewa. Mabuyu humiminwa yote kwa pamoja, na kuanzia hapo mwiko haupumziki. Sehemu ya unga huyeyuka na kuipa shira uchachu, sehemu nyingine hubaki imeshikilia kokwa, na sukari huanza kuganda juu yake kwa tabaka. Moto ukizidi, sukari huungua na sufuria nzima hutupwa. Ukipungua, mabuyu hubaki na majimaji, hugandamana na hayauziki. Yakitoka vizuri hutandazwa kwenye sinia yapoe, kisha hufungwa kwenye vipakiti vya bei ya mtoto wa shule.

Ndiyo haya yaliyorudi Ikutha. Wakamba wengi wamefanya kazi Mombasa kwa vizazi kadhaa, bandarini, kwenye reli, na katika uchongaji wa vinyago huko Changamwe, ambako ushirika wa wachongaji Wakamba ulianzishwa mwaka 1963. Baba aliyekuja likizo alishuka kwenye basi akiwa na mkate mkubwa, sukari, kitambaa cha mama, na kwenye mfuko wa karatasi vitu vya Pwani: kashata, halua iliyokuwa imeanza kuyeyuka kwa joto la safari, gubiti, achari ya maembe, na mabuyu. Watoto waliyagombania hayo mabuyu wakiwa wameketi chini ya mbuyu uliojaa matunda.

Rangi ndiyo iliyoyafanya kuwa sherehe. Wasichana waliyalowesha kwa mate na kuyapaka midomoni, wakatembea kama mabibi harusi. Wavulana walitoa ndimi na kulinganisha nani ana ulimi mwekundu zaidi. Aliyekana kula mabuyu ya mwenzake alitakiwa afungue kinywa, na kesi ikaisha hapohapo. Mwalimu naye hakuhitaji kumpekua mtu. Alitazama midomo ya darasa zima baada ya mapumziko.

Kuna wanaosema kwamba mabuyu ya dukani yaliharibu ladha ya mabuyu ya mti. Hoja hiyo haina haki. Mwanamke wa Mombasa aliyesimama juu ya moto akikoroga sufuria alitengeneza kitu kipya, chenye ufundi na soko lake, na watoto wa Afrika Mashariki nzima wamemfurahia. Visiwani na Tanzania Bara wanakiita ubuyu na wamekiendeleza kwa ladha za kila aina. Kasoro iko kwingine: faida haikugawanywa njiani. Aliyepanda juu, aliyeokota na aliyepasua alilipwa kidogo kuliko wote, kwa sababu aliuza kitu kisichoongezwa thamani na hakuwa na njia ya kujua bei ya Mombasa. Sukari, rangi na jiko la makaa vilitosha kuibadilisha hali hiyo, na vyote vilipatikana Ikutha.

Wakati huohuo dunia nayo imegundua mbuyu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wake kuwa chakula mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Sasa unauzwa kwenye vikopo vya bei ghali, ukisifiwa kwa vitamini C yake, ambayo kwa kawaida ni mara kadhaa ya ile ya chungwa la uzito huohuo. Vitamini hiyo hupungua sana ikipikwa, kwa hiyo mchungaji aliyelila buyu chini ya mti alipata zaidi ya mwenzake wa mjini aliyenunua lililotiwa rangi, na meno yake pia yalikuwa salama zaidi.

Makueni, kaunti jirani, imekwisha kuonyesha njia kwa tunda lingine. Wakulima wake walikuwa wakiuza maembe kwa bei ya kutupa kila msimu, mpaka kaunti ikajenga kiwanda cha kuyasindika huko Kalamba. Mabuyu hayahitaji hata mitambo mikubwa kiasi hicho. Unga wake umekauka wenyewe mtini, hauozi upesi, na kazi yake kubwa ni kupasua, kutwanga, kuchekecha na kufunga kwa usafi. Kikundi cha akina mama chenye leseni, sakafu safi na mizani ya haki kinaweza kuuza unga Nairobi na mabuyu ya sukari kwenye shule za hapohapo Ikutha, bila gunia hata moja la mabuyu ghafi kuvuka Mto Athi.

Tatizo ni kwamba miti yenyewe inazeeka bila warithi. Ukitembea kwenye mashamba ya Ikutha utaona mibuyu mikubwa mingi na michanga michache. Mche wa mbuyu hauna lile shina nene linalojulikana. Ni kijiti chenye majani laini, na mbuzi hukimaliza kwa dakika chache. Ndani ya Tsavo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948, tembo waliimaliza mibuyu mingi katika miaka ya 1960 na 1970, wakiichuna na kuiangusha ili wapate maji na nyuzi zake, hasa katika ukame mkali wa 1970 na 1971 ambapo maelfu ya tembo wenyewe walikufa. Nje ya hifadhi, shoka limefanya kazi yake kwenye majirani wa mbuyu. Migunga iliyotoa gundi, mikwaju, miti ya nzaaya, yote hutoa makaa mazuri. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutoka Kitui, mwezi uliofuata lori la makaa likachomwa moto, na serikali kuu ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya nchi. Marufuku zimekuja na kwenda. Makaa bado yanachomwa, kwa kuwa ukame unapokaza ni njia ya haraka ya kulipa karo.

Mbuyu wenyewe huponea kwa sababu mti wake ni laini na wenye maji, haufai kwa kuni wala mbao. Lakini hata kinga hiyo ina mipaka. Mwaka 2022 Wakenya walishuhudia mibuyu mizima ikichimbuliwa Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia kupamba bustani, na Novemba ya mwaka huo Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Wengi waliokasirika hawakuwa wanamazingira. Walikuwa watu wazima waliokumbuka walichokula chini ya miti kama ile.

Watoto wa Ikutha wa leo hawajanyimwa utamu. Maduka yamejaa biskuti, peremende na vinywaji vya chupa, na simu ya mzazi hulipa yenyewe. Wengi bado wanakula mabuyu mekundu wakitoka shule. Walichopoteza ni majina. Mtoto anayeishi hatua chache kutoka kwenye kimuu huenda asijue kwamba tunda lake huliwa, kwa kuwa hachungi tena, yuko shuleni tangu asubuhi hadi jioni, na likizoni anakaa na wanafunzi wenzake badala ya kumfuata babu malishoni. Si kosa lake. Waliokuwa na ujuzi huo wamekuwa wakiusimulia kama kichekesho cha umaskini wa zamani, na mtoto hajifunzi kitu ambacho mzazi anakionea haya.

Basi wanaokumbuka wana kazi ya kufanya, na si kubwa. Wawapeleke watoto porini msimu wa matunda, wawaonyeshe kipi huliwa na kipi huachwa. Walimu wa sayansi wawaruhusu wanafunzi kuleta matoo na ndului darasani. Na kila mwenye shamba Ikutha, Mutomo au Kibwezi achukue mbegu za buyu lisilopikwa, azimwagie maji yaliyotoka kuchemka, aziache humo mpaka kesho yake, kisha azipande mvua za Novemba zinapoanza. Mche ukitokeza, uzungushiwe miiba mikali, na mbuzi wafungwe mbali nao mpaka shina lipite urefu wa mtu.